Mwenye Ufunguo wa Tangi

Hakupenda kuitwa mpishi mkuu. Alisema mkuu huwa na wadogo wake, naye katika jiko lile alikuwa peke yake na moshi. Basi walimu walimwita Mama Mpishi, watoto wa madarasa ya chini wakamwita hawe, yaani bibi kwa Kigiriama, na mimi nitamtaja hapa kwa kazi yake tu, ingawa kazi hiyo aliipoteza na aliyempotezea ni mimi.

Sijui alizaliwa wapi wala watu wake ni akina nani. Nilikwenda katika shule ile, karibu na Ganda, kwa miaka sita na sikuwahi kumwuliza. Yeye aliniuliza mengi: kama mama yangu yu hai, watoto wangu wangapi, na kwa nini mtu mzima kama mimi hutembea na kalamu tatu mfukoni. Nilimweleza kwamba moja ni ya kuandikia na ya pili ni ya akiba.

"Na ya tatu, Fundi?"

Niliigusa ile ya tatu mfukoni.

"Ya tatu ni ya kuringia," akasema, akairudia sufuria yake.

Niseme kwanza kilichonipeleka pale. Mimi si msomi. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, nikawa fundi wa pampu katika hoteli za Bofa, na mengine yote ninayoyajua nimejisomea mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba na miongozo ya mashine. Hotelini niliona chupa za plastiki zikitupwa kwa magunia. Nikasoma jinsi zinavyosagwa na kufanywa vitu vingine. Baadaye nilipata mashine kuukuu ya kusagia plastiki, nikaifufua, nikaiweka kwenye kibanda huko Malindi, kisha nikazizungukia shule nikiziomba zikusanye chupa. Saba zilikubali. Watoto walileta chupa kutoka majumbani na ufukweni, wakazichambua, mimi nikazisaga, na vipande vikapelekwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Mariakani. Kilichopatikana kilirudi shuleni kama madawati na vitabu.

Kila shule ilitakiwa iwe na mwalimu wa mradi. Katika shule ile mwalimu huyo alihamishwa kabla muhula wa kwanza haujaisha, na hakuna aliyechukua nafasi yake. Mapipa ya kuchambulia yalikuwa nyuma ya jiko, kwa kuwa kivuli kilikuwa huko. Hakuna aliyemteua Mama Mpishi. Siku moja nilifika nikawakuta watoto wamepanga foleni, yeye amesimama mbele yao na mwiko mrefu mkononi akiunyooshea mapipa: hii huku, ile kule, na wewe mwanangu hiyo imeingia panya, iweke chini unawe.

Alikuwa na jicho ambalo mimi, kwa kusoma kwangu kote, sikulipata. Zipo plastiki za namna mbili zinazofanana kwa macho lakini hazipatani mashinani. Mimi nilikuwa nazitambua kwa alama ndogo iliyopigwa kitakoni. Yeye aliibonyeza chupa kwa kidole gumba akasikiliza. "Hii inalia, hii inanung'unika," akawaambia watoto, na ndani ya wiki mbili watoto wa darasa la tatu walikuwa wakichambua haraka kuliko mimi. Nilikagua magunia yao mara kwa mara nikitafuta kosa. Nakiri kwamba nilitaka kulipata.

Na bado aliukejeli mradi wenyewe kila siku ya Mungu. "Sisi tuliwapeleka watoto shule ili wasiokote," alikuwa akisema. "Wewe umewaletea kuokota huku huku shuleni, tena kwa ratiba." Lakini baba mmoja alipokuja kwa hasira, akitaka kujua kwa nini binti yake anafanywa chokoraa, mimi nilianza kumsomea maelezo kutoka kwenye faili langu, naye Mama Mpishi akanikata.

"Baba, wewe una kuku?"

"Ninao."

"Mayai anaokota nani?"

"Huyu huyu mtoto."

"Na hujamwita chokoraa?"

Yule baba alitabasamu kwa shida, kama mtu aliyekuja na panga akakuta msitu umeshafyekwa. Alikunywa uji akaondoka. Nilipomwambia Mama Mpishi kwamba amenisaidia sana, alinijibu kwamba hakunisaidia mimi, amemsaidia mtoto asichapwe.

Ulimi wake ulikuwa mkali kwa wakubwa tu. Tulikwenda pamoja mara moja kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la nafaka huko Malindi, kuomba magunia matupu. Mzee akasema magunia yake huyauza.

"Sikuombi yale mazuri," Mama Mpishi akamwambia. "Nipe yanayokuaibisha, yale unayoyaficha huko nyuma wateja wasiyaone."

Mzee alicheka hadi akavua miwani, kisha akamwita kijana wake atoe rundo zima. Tangu siku hiyo, kila nilipopita dukani peke yangu, aliniuliza, "Yule mama hajambo?" Mimi hakuniuliza hali.

Kwa mtoto hakuwa hivyo. Hakumnyima mtoto chakula hata mara moja, hata mmoja aliyewahi kumtupia jiwe. Palikuwa na desturi kwamba mwanafunzi aliyechelewa huruka zamu yake ya chakula. Yeye aliitii mbele ya walimu, kisha akawa anayakwangua makoko ya sufuria polepole mno, hadi waliochelewa wakafika kuyala. Alikuwa pia na wizi wake mdogo. Chupa zenye mdomo mpana, zilizo safi, hazikufika kwangu. Nilizikuta siku moja zimejipanga kwenye dirisha lake la jiko, zina mafuta ya nazi na pilipili. Nikamwambia, kwa sauti ya ofisi, kwamba zile ni mali ya mradi.

"Wewe unataka zitumike tena au hutaki?" akaniuliza.

Hayo yote nayasimulia ili nisifike haraka kwenye tangi. Sasa nifike.

Shule ile haina mfereji wa serikali. Ina tangi moja jeusi, na lori la maji hulijaza kila Jumanne. Maji hayo ndiyo ya kunywa na ya kupikia kwa shule nzima hadi Jumanne nyingine. Ufunguo wa kufuli ya mfereji ulikuwa kwa Mama Mpishi, umefungwa kwenye pindo la leso yake, na hakuutoa kwa mtu, hata mwalimu mkuu alimwendea yeye. Kila asubuhi alipanda juu ya matofali akatumbukiza mwanzi mrefu alioutia alama kwa kisu. Hakusema tangi lina maji kiasi gani. Alisema, "Leo tuna maji ya Jumatatu," yaani yatatufikisha Jumatatu, akarudi jikoni akiimba. Yakiwa maji ya Ijumaa tu, hakuna aliyemsogelea.

Chupa huja chafu. Yeye aliwafundisha watoto kuzisafisha kwa mchanga mkavu: konzi moja ndani ya chupa, funga, tikisa, mwaga. Hivyo ndivyo, alisema, wanavyosafisha vibuyu kwao wakati wa kiangazi. Ilifanya kazi. Lakini punje za mchanga hubaki, na punje hizo zilianza kula visu vya mashine yangu, na mzigo mmoja ulirudishwa kutoka kiwandani. Nikafungua miongozo yangu. Mmoja, ulioandikwa kwa ajili ya nchi ambazo maji hutoka ukutani, ulisema chupa isuuzwe mara tatu. Nikatunga kanuni. Niliiandika kwa herufi kubwa, nikaitia kwenye plastiki isilowe, nikaifunga kwenye mlango wa jiko katika kila shule: osha mara tatu, ondoa karatasi, tenga kifuniko, mchanga ni marufuku. Chini yake nikatia sahihi.

Mama Mpishi aliisoma polepole, kwa kidole.

"Fundi, mara tatu?"

"Ndiyo, mama. Ndivyo inavyotakiwa."

"Na nani?"

"Kitaalamu."

"Huyo hajawahi kuja Ganda," akasema.

Lakini alitii. Alitenga ndoo mbili kwa siku, akawafundisha watoto kusuuza chupa ya kwanza kwa maji mapya na ya mwisho kwa maji ya zile za mwanzo, na kilichobaki akamwagilia mboga. Ndoo mbili, si zaidi. Chupa zilizobaki zilisubiri kesho.

Wiki mbili kabla ya mambo kuharibika nilikwenda mwenyewe na mzigo hadi kiwandani. Msimamizi alinitembeza. Kabla ya jambo lingine lolote, vipande vyetu vilimwagwa ndani ya birika refu la maji na dawa, vikaoshwa pamoja na vya watu wengine waliokuwa hawajaosha kitu. Nilimwuliza kama kuna faida ya sisi kuviosha huko shuleni. Alisema kinachowasumbua ni mchanga tu. Chupa ikija na vumbi na mabaki ya soda, hawajali.

Nilisimama kando ya birika lile nikaelewa. Kanuni yangu ilikuwa haina kazi. Ilitosha kuwaambia watoto waache mchanga na walete chupa kama zilivyo. Niliporudi Malindi ningeweza kuzunguka shule saba kwa siku mbili nikaitoa. Sikuitoa. Nilijiambia nitafanya mwisho wa muhula, kwa utaratibu, pamoja na maelezo. Ukweli ni kwamba sahihi yangu ilikuwa pale chini, na nilijua mtu wa kwanza kunitazama angekuwa Mama Mpishi, na nilijua atakavyonitazama.

Kulikuwa na shindano la shule mwisho wa muhula ule. Lori la kubeba chupa lilikuwa lije Ijumaa. Alhamisi nilifika shuleni nikakuta magunia kumi na moja hayajaoshwa, yamepangwa nyuma ya jiko yakisubiri zamu yao ya ndoo mbili. Shule nyingine zilikuwa zimemaliza. Nilitaka ile ishinde. Nilitaka hivyo kwa sababu ndiyo iliyokuwa na uchambuzi bora, na wageni wangekuja kupiga picha.

"Mama, fungua mfereji leo."

"Leo tuna maji ya Jumatatu, Fundi. Yametosha kwa unga na maharagwe. Hayana ziada."

"Leo tu. Lori la maji nitalipigia simu mimi lije Jumamosi."

"Utalipigia?"

"Nitalipigia."

Kisha akafungua pindo la leso. Watoto waliosha hadi alasiri, kwa furaha, wakilowana. Mimi nilisimama nao nikihesabu magunia. Nilipiga simu jioni ile, na mwenye lori akaniambia limeharibika gia, halitatoka kabla ya Jumanne. Niliiweka simu chini. Sikumrudia Mama Mpishi kumwambia. Niliona Jumanne si mbali.

Ijumaa palikuwa na uji mwepesi. Jumatatu hapakuwa na kitu. Watoto walifika na chupa zao ndogo za maji kutoka nyumbani, yakaisha kabla ya saa nne, na jua la kiangazi kila mtu wa huku analijua. Wakati wa mapumziko baadhi yao walivuka barabara hadi kwenye lambo wanakonyweshwa ng'ombe. Watoto watatu waliugua tumbo. Wawili walipona nyumbani. Wa tatu, msichana mdogo wa darasa la pili, alilazwa hospitali siku tano, na kwa siku mbili kati ya hizo hakuna aliyekuwa na hakika naye. Alipona. Naandika hivyo mapema ili msomaji asibebe zaidi ya anachostahili kubeba. Mimi nilizibeba siku mbili zile bila kujua mwisho wake, na hata hivyo sikusema kitu.

Mkutano wa wazazi ulifanyika katika darasa la nane. Mwenyekiti wa kamati, mzee mtulivu asiyependa makelele, aliuliza swali moja: tangi la kufika Jumanne lilimalizwaje Alhamisi? Nani alilifungua?

Mama Mpishi alikuwa amekaa karibu na mlango. Akasimama, akasema, "Ufunguo ni wangu."

Kisha akanyamaza. Hakukaa. Alisimama na mikono ameikunja juu ya tumbo, na kimya kile kilikuwa kirefu. Nilikuwa safu ya mbele, kwenye kiti cha wageni. Faili langu lilikuwa magotini, na ndani yake nakala ya kanuni. Niliitazama nembo iliyo juu ya faili. Nilikuwa naijua, nimeichora mwenyewe.

"Huna la kuongeza, mama?" mwenyekiti akauliza.

"Sina."

Mama mmoja wa nyuma akasema, "Mtu anapewa maji ya watoto anaoshea takataka." Mwingine akasema mradi wenyewe ni mzuri, umeleta madawati, usiingizwe kwenye uzembe wa mtu mmoja. Wengi waliitikia. Wakaamua aondoke mwisho wa wiki. Alifungua pindo la leso, akatoa ufunguo, akauweka juu ya meza ya mwenyekiti, akatoka.

Ajenda ilikuwa na neno la shukrani kutoka kwa mratibu wa mradi. Mratibu ni mimi. Niliitwa, nikasimama, nikawashukuru wazazi kwa ustahimilivu wao.

Kesho yake nilikwenda nikaifungua kanuni mlangoni mwa jiko. Nilipoulizwa, nilisema tumeboresha utaratibu. Shule ile ilishinda shindano.

Kwa miaka minne sikumwona. Nilisikia anauza mihogo ya kukaanga, nikasikia tena anapika kwenye harusi. Ningeweza kumtafuta. Ganda si kubwa. Nilikuwa na njia zangu za kupita zisizopitia kwake, nami nilizijua zote kwa mpangilio.

Mwaka huu yule mwenyekiti wa kamati alifariki. Nilikwenda mazikoni. Uani, nyuma ya nyumba, palikuwa na mafiga ya sufuria tano kubwa, na katikati ya moshi yuko yeye, mwembamba zaidi, akiwaamrisha wanawake wenzake. Nilitaka kurudi mbele, lakini alikuwa ameshaniona.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Fundi, bado una kalamu tatu?"

Nilimwambia ninayo moja. Hilo lilimfurahisha. Akamwita mwenzake, "Mwone huyu, amepunguza." Wakacheka.

Nikamwuliza kama si kazi nzito, kumpikia mtu aliyemfukuza kazi.

"Hakunifukuza. Aliuliza swali, nikalijibu. Na wanaokula si yeye."

Ndipo nikasema. Nilikuwa nimeyapanga kwa miaka minne na yalitoka bila mpangilio: kwamba mimi ndiye niliyemwambia afungue, na hilo analijua, lakini hajui ya kiwandani, hajui birika, hajui kwamba nilijua tayari kuwa kuosha hakuna maana, wala hajui kwamba jioni ile ile nilikwisha kuambiwa lori haliji. Alikuwa anakoroga. Alipofika kwenye hilo la lori alisimamisha mwiko.

"Alhamisi?"

"Alhamisi jioni."

"Ningewaambia wazazi waje na maji Ijumaa," akasema taratibu, kama mtu anayehesabu vyombo. "Mtungi mmoja mmoja. Yangetosha."

"Najua."

"Yule msichana asingekunywa kule."

"Najua, mama."

Alikoroga tena. Kuni zikalia. Nilifikiri amemaliza nami.

"Siku ile ya mkutano," akasema, "niliposema ufunguo ni wangu, uliona nilivyonyamaza?"

"Niliona."

"Nilisimama pale. Nilikuwa nakungoja wewe."

Alichota wali, akaweka na kipande cha nyama juu, akanipa sahani kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni.

"Baba za watoto wale na mama zao wako pale chini ya turubai," akasema. "Wale wale wa mkutano. Nenda ukale nao."

Nilikwenda. Walinijua, wakanisalimu kwa heshima, mmoja akafuta benchi kwa mkono. Yule baba mwenye kuku aliniuliza mradi unaendeleaje. Nilimwambia unaendelea vizuri, nikaanza kula.